Kanisa la Nguzo la Urnes: Historia na Ujenzi wa Kanisa Dogo la Kijiji

Katika masomo ya Historia ya Kanisa tumezoea kuwaonyesha wanafunzi wetu picha za makanisa makuu ya Zama za Kati, kama yale ya Chartres, Köln na Canterbury. Ni majengo ya ajabu, na ni haki yajulikane. Hata hivyo Wakristo walio wengi wa zama hizo hawakupata kuyaona hata mara moja maishani mwao. Walibatizwa, wakafunga ndoa na kuzikwa penye makanisa madogo ya vijijini, ambayo mafundi wake hawakuandikwa majina, na ambayo mengi yameoza, yameungua au yamebomolewa. Mwanafunzi anayemaliza masomo yake akiwa anaijua Chartres tu atakuwa na picha isiyo kamili ya Kanisa lililokuwako kabla ya Matengenezo, maana atadhani lilikuwa Kanisa la mawe, la miji na la maaskofu.

Kwa sababu hiyo tumeona vema kueleza katika kurasa hizi habari za kanisa moja dogo la mbao, kanisa la Urnes katika nchi ya Norway. Tunayo na sababu nyingine, iliyo karibu nasi zaidi. Usharika mmoja tunaoufahamu ulijenga kanisa jipya kubwa, na ulipomaliza ukabomoa lile la kwanza, lililojengwa kwa matofali ya kuchoma na babu zao waliobatizwa kwanza. Tulipouliza mlango wake wa mbao, ambao wazee walituambia ulichongwa na fundi wa kijijini hapo, umekwenda wapi, hakuna aliyejua. Mzee mmoja wa Kanisa alidhani ulitumiwa kuwa kuni wakati wa karamu ya kuweka wakfu jengo jipya. Hatusemi hayo ili kuwalaumu. Tulipokuwa tukirudi nyumbani siku ile tuliukumbuka mlango wa Urnes, na makala hii ilianzia hapo.

Mahali penyewe

Upande wa magharibi wa Norway bahari imeingia ndani ya nchi kwa mahori marefu, membamba na yenye kina kikubwa, yaliyozungukwa na milima mikali. Hori lililo refu kupita yote, Sognefjord, lina urefu wa zaidi ya kilometa 200. Katika mwisho wake wa ndani hori hilo hugawanyika, na tawi lake moja huitwa Lustrafjord. Kwenye ukingo wa mashariki wa tawi hilo liko shamba la Ornes, na juu yake, zaidi ya mita 100 kutoka usawa wa maji, limesimama kanisa. Msafiri huvuka kwa kivuko kutoka kijiji cha Solvorn kilicho ng'ambo, kisha hupanda mlima kwa miguu.

Kanisa ni dogo. Mtu akitoka katika mojawapo ya sharika zetu za mjini, zenye kukusanya watu maelfu kwa ibada tatu kila Jumapili, atashangaa kwamba parokia nzima ilitosha humo. Lakini katika zama zile watu wa Ornes walikuwa wachache, na yaelekea jengo lilisimamishwa kwa mali ya ukoo mmoja wenye nguvu uliokuwa ukikaa shambani pale. Ndivyo ilivyokuwa mahali pengi katika nchi za kaskazini: aliyekuwa na ardhi ndiye aliyejenga, na majirani wakaabudu pamoja naye.

Norway ilikuwa imepokea Ukristo si muda mrefu kabla ya hapo. Mfalme Olav Haraldsson, aliyeuawa vitani Stiklestad mwaka 1030 na baadaye kuheshimiwa kama mtakatifu, hukumbukwa kuwa ndiye aliyeifanya imani mpya kuwa sheria ya nchi. Kwa hiyo waliojenga Urnes walikuwa wajukuu na vitukuu vya wapagani. Kizazi hicho tunakijua vizuri, kwa kuwa wengi wetu ni wa kizazi kama hicho.

Nguzo zilizotoka ardhini

Jengo tunaloliona leo lilisimamishwa karibu na mwaka 1130. Wataalamu wameutambua wakati huo kwa kuhesabu pete zilizomo ndani ya miti, maana kila mwaka mti huongeza pete moja, nyembamba au nene kwa kadiri ya hali ya hewa ya mwaka ule. Lakini halikuwa jengo la kwanza mahali pale. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua chini ya sakafu katika miaka ya 1956 na 1957, walikuta mashimo ya nguzo za majengo yaliyotangulia, yaani nguzo zilizokuwa zimechimbiwa moja kwa moja katika udongo.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana shida ya nguzo iliyochimbiwa. Kwetu mchwa huimaliza; kule kaskazini kazi hiyo hufanywa na unyevu. Mti huanza kuoza pale hasa udongo unapokutana na hewa, na baada ya miaka michache jengo huanza kuegemea upande. Sheria ya kale ya Gulating, iliyotawala Norway ya magharibi pamoja na nchi ya Sogn, iliijua shida hiyo kiasi cha kuiwekea kifungu: kanisa likivunjika na nguzo zake za pembeni zikaanguka, watu walipaswa kuleta miti mipya kiwanjani kabla ya miezi 12 kupita. Kuanguka kwa kanisa hakukuwa jambo la kushangaza. Lilikuwa jambo la kutarajiwa, kama kuezeka upya nyumba ya nyasi.

Kisha mafundi wakabadili jambo moja, nalo ndilo siri ya jengo lote. Waliacha kuchimbia nguzo. Walipanga mawe juu ya ardhi, na juu ya mawe wakalaza magogo mazito manne, mawili kwa mawili, yakipishana katika pembe na kutokeza ncha zake nje. Juu ya fremu hiyo wakasimamisha nguzo. Tangu hapo hakuna mti wowote wa kanisa uliogusa udongo. Maji ya mvua yakapita chini, na upepo ukakausha kilicholowa. Neno la Kinorwe la nguzo ni stav, na kwa neno hilo makanisa ya namna hii yameitwa makanisa ya nguzo. Lakini kwa kweli yangestahili kuitwa kwa jina la lile gogo lililolazwa chini, maana nguzo zilikuwako tangu zamani, na hazikudumu mpaka zilipopata mahali pa kukanyaga.

Kuta nazo zilijengwa kwa akili hiyohiyo. Mbao hazikulazwa kama wafanyavyo wajenzi wa nyumba za magogo; zilisimamishwa wima, kila ubao ukiwa na ulimi upande mmoja na mfuo upande wa pili, hata ukaingiana na mwenzake. Ncha zake za chini zilikaa ndani ya mfuo uliochongwa katika boriti ya chini, na ncha za juu zikashikwa na boriti nyingine. Viungo vilifungwa kwa vigingi vya mti. Misumari ya chuma ilikuwa michache, na hiyo nayo ni hekima, kwa sababu chuma hushika kutu na kuiozesha mbao inayokizunguka, ila kigingi cha mti huvimba na kunywea pamoja na mti wenzake.

Mti uliotumika ni msonobari, hasa sehemu yake ya moyo, iliyojaa utomvu. Nje ya jengo, kuta na vigae vya mbao vya paa hupakwa lami inayopatikana kwa kuchoma polepole mashina ya msonobari ndani ya tanuru lililofunikwa udongo. Lami hiyo ndiyo iliyoyapa makanisa haya rangi yake ya kahawia iliyokoza, karibu na nyeusi. Haina budi kupakwa tena na tena, kizazi baada ya kizazi. Kanisa la mbao lisilopakwa lami kwa miaka 50 tu lingekuwa katika hatari kubwa, na hili la Urnes limekaa karibu miaka 900. Hapa tunapenda kuwakumbusha watunza hazina wa sharika zetu, ambao fungu la ukarabati ndilo wanalolikata kwanza mapato yakipungua.

Ndani ya jengo

Anayeingia anakuta nguzo 16 zilizosimama huru, mbali na kuta, zikizunguka ukumbi wa kati ambao paa lake limeinuliwa juu kuliko paa la pande zote. Umbo hilo ni la basilika, lile lile la makanisa ya kale ya Rumi na ya mawe ya Ulaya. Nguzo ni za mviringo. Juu zina vichwa vya mraba, na kati yake yamefungwa matao ya nusu duara. Hakuna moja kati ya mambo hayo linalotakiwa na mbao. Mbao haihitaji tao ili kubeba mzigo, na nguzo ya mti haihitaji kichwa kipana. Ni mambo ya ujenzi wa mawe, ambayo mafundi wa Urnes au waliowatuma walikuwa wameyaona mahali fulani, wakayasema upya kwa lugha ya mti. Tunaamini walitaka watu wa hori lile, walio mbali na kila mji, waingie katika nyumba ifananayo na nyumba ya Mungu iliyoko Rumi.

Katika vichwa vya nguzo vimechongwa vinyago karibu 50: simba, majoka, ndege, kiumbe aliye nusu mtu na nusu farasi, na mizunguko ya majani. Mtu asitafute mafundisho ya katekisimo katika kila kimoja. Baadhi yao huenda ni furaha ya mchongaji tu.

Kadhalika juu ya tao linaloingia mahali pa madhabahu imesimama sanamu ya Kristo msalabani, Mariamu upande mmoja na Yohana upande wa pili, kazi ya karne ya 12. Mwangaza ulikuwa mdogo. Kanisa la awali halikuwa na madirisha kama tuyajuavyo, ila matundu madogo ya mviringo yaliyotobolewa juu kabisa ukutani. Watu walisimama, mabenchi yaliyokuwako kando ya kuta yalikuwa ya wazee na wagonjwa. Kuhani aliadhimisha misa kwa Kilatini katika chumba cha madhabahu, akimulikwa na mishumaa. Vinara viwili vilivyotengenezwa Limoges, Ufaransa, vimehifadhiwa mpaka leo, navyo vinaonyesha kwamba hori lile halikutengwa na ulimwengu kama tudhanivyo.

Mlango wa kaskazini

Sasa tuufikie mlango. Katika ukuta wa kaskazini kuna lango jembamba, lenye umbo kama la tundu la ufunguo, na mbao zinazolizunguka zimechongwa nakshi za kina cha sentimeta kadhaa. Upande wa kushoto mnyama wa miguu minne, mwembamba, mwenye shingo ndefu, anamuuma nyoka, na nyoka naye anamuuma mnyama. Kutoka hapo majoka na nyuzi nyembamba zinapanda, zinapishana, zinajifunga na kufunguka mpaka juu ya lango, bila mahali ambapo jicho linaweza kusema kazi imeanzia hapa au inaishia pale. Msomaji aliyesimama mbele ya milango ya nakshi ya Unguja au Lamu ataelewa kwamba fundi anaweza kutumia mlango kusema mambo ambayo ukuta hauruhusu, ingawa hapa hakuna utaratibu wa maua na minyororo, kuna vita.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba mlango huu ni wa zamani kuliko kanisa. Mbao zake ni za karibu na mwaka 1070. Zilikuwa za kanisa lililotangulia, na mafundi wa mwaka 1130 walipolibomoa hawakuzitupa. Walizitwaa na kuziweka katika ukuta mpya, pamoja na nguzo moja ya pembeni, baadhi ya mbao za ukuta na vipande vya pembe tatu za paa. Wanahistoria wa sanaa wameutumia mlango huo kuipa jina namna nzima ya uchongaji, ile ya mwisho ya Waviking, inayoonekana pia katika mawe ya maandishi ya runi huko Sweden na katika kazi za chuma za Ireland.

Maana yake nini? Wapo wanaosema mnyama ni simba, na simba ni Kristo anayeshindana na yule nyoka wa zamani. Wanatukumbusha Mwanzo 3 na Zaburi 91. Wengine wanasema hapa tunaona hadithi za kipagani za mwisho wa dunia, pamoja na joka linalotafuna mizizi ya mti unaoubeba ulimwengu. Mabishano hayo yameendelea muda mrefu, nasi hatuna uwezo wa kuyamaliza. Ila tunaona kwamba swali limewekwa vibaya linapotutaka tuchague moja. Mchongaji wa mwaka 1070 alikuwa na lugha moja tu ya uchongaji, ile aliyofundishwa na baba zake, nayo ilikuwa imekua katika dini yao ya kale. Alipotakiwa kuchonga mlango wa nyumba ya Kristo, angechonga kwa lugha gani nyingine? Wachaga walimtaja Ruwa na Wanyakyusa walimtaja Kyala kabla ya mmisionari wa kwanza kufika, na majina hayo yakaingia katika mahubiri na katika Maandiko yaliyotafsiriwa. Hakuna leo anayemshtaki Mkristo wa Kichaga kuwa anaabudu mungu mwingine kwa kumwita Ruwa. Neno la zamani lilipewa mzigo mpya, na likaubeba.

Tunakubali kwamba hatari ipo. Mzigo unaweza usibadilike hata neno likihamishwa. Ndiyo maana tunaona si jambo dogo kwamba waliouweka tena mlango huu mwaka 1130 walikuwa Wakristo wa kizazi cha tatu au cha nne, waliokuwa wamekwisha kuona uchongaji mpya wa nguzo na matao. Nakshi za aina hii zilikuwa zimepitwa na wakati. Waliweza kuziona kuwa za ushamba, au za kipagani, na kuni zilihitajika sana katika baridi ile. Walizihifadhi kwa hiari yao.

Kutoka macho hadi masikio

Karne ya 14 ilileta tauni kuu, iliyoingia Norway mwaka 1349 na kuua watu wengi, labda zaidi ya nusu. Mashamba yaliachwa, na makanisa mengi yakaachwa pamoja nayo. Ujenzi wa makanisa ya nguzo ulikoma.

Matengenezo yaliingia kwa amri ya mfalme Christian III wa Denmark, aliyeitawala Norway pia, katika miaka ya 1536 na 1537. Hapakuwa na Luther wa Norway, wala watu wa Lustrafjord hawakuulizwa. Kwa muda mrefu baada ya hapo huenda tofauti kubwa waliyoiona ni lugha ya ibada na kuhani kuoa. Lakini polepole jengo lenyewe lilianza kubadilika, na ni katika mabadiliko hayo ndipo tunapoweza kuisoma teolojia ya Kilutheri bila kufungua kitabu.

Mwanzoni mwa karne ya 17 sehemu ya madhabahu ilirefushwa kuelekea mashariki, na kuta zake zikapakwa rangi. Mwaka 1640 likaja birika jipya la ubatizo, mwaka 1665 kikajengwa kidari cha mbao juu ya madhabahu, na kati ya mwaka 1693 na 1695 ikawekwa mimbara. Mimbara hudai mambo mengine. Watu watakaosikiliza hotuba ya saa nzima hawawezi kusimama, basi yaliletwa mabenchi. Watu watakaofuata Neno na kuimba kutoka kitabuni hawawezi kuketi gizani, basi ukuta ulikatwa, yakatiwa madirisha, jambo lililofanyika hapa katika karne ya 18. Nyumba iliyokuwa imejengwa kwa macho yanayotazama kutoka mbali ikageuzwa kuwa nyumba ya masikio yaliyo karibu.

Hata hivyo sanamu za msalabani hazikushushwa. Ni kawaida kwa wanafunzi wetu kudhani kwamba Wanamatengenezo wote walivunja sanamu, kwa sababu wameona makanisa yetu yenye kuta nyeupe tupu. Luther mwenyewe aliporudi Wittenberg mwezi Machi 1522 alihubiri kwa siku nane mfululizo dhidi ya fujo zilizoanzishwa katika mji ule, akipinga, pamoja na mengine, uvunjaji wa sanamu kwa nguvu. Kwake sanamu haikuwa lazima wala haikuwa haramu. Kosa lilikuwa kuitegemea. Urnes ni mfano wa mafundisho hayo katika mti. Mwaka 1699 wazee wa pale walipoweka picha mpya ya madhabahu, walichagua tena Kristo aliyesulibiwa. Anayeketi kanisani mle leo anaiona ile sanamu ya kikatoliki ya karne ya 12 juu ya tao, na picha ya Kilutheri nyuma yake, zote mbili zikisema jambo lilelile.

Sheria ya kuhesabu watu

Kilichoyaangamiza makanisa ya nguzo hakikuwa Matengenezo. Kati ya makanisa ya namna hii yaliyokuwako Norway katika Zama za Kati, ambayo hukadiriwa kuwa zaidi ya 1,000, yamebaki 28 tu. Mengine yaliungua, mengine yalioza. Katika miaka ya 1720 mfalme, akiwa na madeni ya vita, aliyauza makanisa mengi kwa watu binafsi, na wenye kununua hawakuwa na haraka ya kununua lami. Lakini katika karne ya 19 pigo kubwa lilitoka kwa watu wenye nia njema. Idadi ya watu ilikuwa imeongezeka, na sheria ya mwaka 1851 iliagiza kwamba kanisa la shambani liwe na nafasi ya kutosha sehemu tatu katika kumi za wakazi wa parokia. Kanisa lililoshindwa kutimiza hesabu hiyo lilipaswa kupanuliwa au kubomolewa. Mengi yalibomolewa, wengine wakijivuna kwamba wamepata kanisa jeupe, pana, lenye mwanga. Tukumbuke kwamba hawa walikuwa Walutheri waaminifu, waliotaka kila mtu apate mahali pa kusikia Injili. Hatuwezi kusema walikosea kutaka hivyo.

Waliopiga kelele walikuwa wachache. Mchoraji J. C. Dahl, Mnorwe aliyekaa Dresden, alichapisha mwaka 1837 kitabu cha picha za makanisa hayo. Mwaka 1841 alishindwa kulizuia kanisa la Vang lisibomolewe, likanunuliwa na kusafirishwa vipande vipande hadi Silesia, nchi iliyo leo Poland, na lipo huko hata sasa. Mwaka 1844 kilianzishwa chama cha kuhifadhi kumbukumbu za kale, ambacho kilianza kuyanunua makanisa yaliyokuwa yamekwisha kuhukumiwa.

Habari za Fortun zinatosha kuonyesha jinsi mambo yalivyokuwa. Fortun ni kijiji kilicho karibu na kichwa cha hori lile lile la Urnes, nacho kilikuwa na kanisa lake la nguzo la karne ya 12. Watu wa Fortun walipojenga kanisa jipya, la zamani lilinunuliwa na tajiri mmoja mwaka 1883 na kuhamishiwa Fantoft karibu na Bergen, likasimama huko zaidi ya miaka 100. Tarehe 6 Juni 1992 lilichomwa moto kwa makusudi, likateketea. Jengo lililopo leo pale Fantoft ni nakala iliyokamilika mwaka 1997.

Urnes liliokoka, na kwa maoni yetu liliokoka kwa sababu ya udogo wa watu wake. Parokia yake ilikuwa ndogo na ya kando mno kuweza kujijengea kanisa kubwa. Mwaka 1881 ilifutwa na kuunganishwa na ile ya Solvorn ng'ambo ya hori, na katika mwaka huohuo chama cha kuhifadhi kikawa mmiliki wa jengo. Kwa namna fulani lilifia mikononi mwa usharika wake na kuishi mikononi mwa wapenzi wa mambo ya kale, jambo ambalo linapaswa kumsumbua mchungaji yeyote. Kanisa lisilo na ibada ya kila Jumapili ni kanisa au ni jumba la makumbusho? Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha saba, linalitambua Kanisa mahali Injili inapohubiriwa kwa usafi na Sakramenti zinapotolewa ipasavyo, wala halitaji kuta. Kwa kipimo hicho wale waliobomoa makanisa yao mwaka 1860 hawakupoteza chochote. Lakini mtu anaweza kukubaliana na kifungu cha saba kwa moyo wote, na bado akaona kwamba usharika usiojua nani aliyechonga mlango wake umepoteza kitu, hata kama hajui jina la kukiita.

Mwaka 1979 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliingiza Urnes katika orodha ya urithi wa dunia. Kati ya mwaka 2001 na 2015 serikali ya Norway iliendesha mpango wa kuyatengeneza makanisa yote 28, na katika mpango huo msingi wa Urnes uliimarishwa, kwa kuwa hata mawe yaliyowekwa kwa busara huzama kidogo kidogo baada ya karne tisa. Ibada za kawaida hazifanyiki humo. Lakini mara kwa mara watu wa Luster hupanda mlima pamoja na maharusi wao, au hubeba mtoto mchanga mpaka kanisani ili abatizwe.